Makumbusho ya Bujora, Kisesa: nenda na mzee, na msikilize mpaka kwenye sikio

Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora nayapa nyota tano kati ya tano. Watalii wana maelezo yao tele, kwa hiyo haya nawaandikia wenzangu: wainjilisti, makatekista, wachungaji, walimu wa shule ya Jumapili, ninyi mliotumwa Usukumani huku mmezaliwa na kulelewa kwingine. Nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza nilipita tu. Mara ya pili ndipo nilipofika, na tofauti ya safari hizo mbili ndiyo iliyonifanya nikae chini niandike.

Mimi ni Msambaa wa Lushoto, mwinjilisti wa Kilutheri. Huu ni mwaka wangu wa saba katika kijiji kimoja upande wa Kwimba. Kisukuma changu ni cha sokoni na cha salamu: asubuhi nasema mwangaluka, nikipewa kitu nasema wabeja, na mtu akianza kuongea kwa kasi nabaki kutabasamu. Mahubiri nafanya kwa Kiswahili na kijana mmoja ananifasiria. Miaka mitatu ya kwanza niliamini hiyo inatosha.

Njia ni rahisi. Mwanza mjini unapanda daladala la Kisesa, barabara inayokwenda Musoma, kama kilomita 18 hivi. Ukishuka Kisesa uliza Bujora, kila mtu anapajua. Bodaboda zipo, na mwenye miguu mizuri anatembea. Nenda asubuhi kabla jua halijakolea, maana sehemu kubwa ya kuona iko nje, unatoka nyumba moja unaingia nyingine. Kiingilio ulizia palepale, na mweleze anayekupokea kwamba umekuja kujifunza na una siku nzima. Maneno hayo mawili, siku nzima, yalibadilisha kabisa namna tulivyotembezwa.

Bujora ni parokia ya Kikatoliki, na makumbusho yamo ndani ya eneo la parokia. Mwanzilishi wake ni Padre David Clement, mzaliwa wa Québec kule Kanada, wa shirika la Wamisionari wa Afrika ambao wazee wetu waliwaita Mapadri Weupe. Wasukuma walimpa jina lao, Fumbuka. Miaka ya 1950 alianza kukaa na wazee na makatekista, wakikusanya nyimbo, ngoma, methali, hadithi na vyombo vya kale. Mwaka 1958 likajengwa kanisa la duara lililopo mpaka leo, na mwaka 1968 makumbusho yakafunguliwa. Katikati ya miaka hiyo, 1963, serikali ilifuta utemi, yaani uchifu, nchi nzima. Fikiria nyumba za watemi zenye ngoma, viti na mikuki ya mababu, na ghafla hakuna tena mtemi wa kuvitunza. Kuna vitu ambavyo leo mtoto wa Kisukuma anaviona kwa sababu padre mgeni na wazee wenyeji waliona thamani yake kabla havijawa kuni.

Sasa safari ya kwanza. Nilikuwa kwenye semina ya siku tano kuhusu mila za watu na huduma ya Injili. Waandaaji siwataji, kwa sababu nia yao ilikuwa njema na walitulisha vizuri. Tulipewa kitini chenye methali mia moja za Kisukuma, kila methali na tafsiri yake ya Kiswahili, na pembeni aya ya Biblia. Kazi yetu ilikuwa kuoanisha. Siku ya nne tukapakiwa kwenye basi watu arobaini, tukaletwa Bujora kwa saa moja na nusu. Tulipiga picha mbele ya ngoma. Wenzetu wengine walikataa kuingia kwenye nyumba ya mganga wakabaki nje wakiimba pambio. Tukarudi.

Nilivyorudi kijijini nilikuwa na kitini changu na hamu kubwa. Jumapili ya mavuno nikachagua methali namba fulani: kuku mwenye vifaranga hamezi funza. Nikahubiri kwamba mama wa kweli anatoa, hali mwenyewe, kwa hiyo akina mama waongeze sadaka ya mavuno, mwaka ule mahindi yalikuwa yamekauka mashambani. Kanisa lilinyamaza. Nilidhani ni Roho anafanya kazi. Baada ya ibada wanawake waliondoka bila kunisubiri mlangoni kama kawaida yao, na sadaka ilikuwa ndogo kuliko ya mwaka uliotangulia.

Aliyenieleza ni mama mmoja mzee wa kanisa, ninamwita Mayu, yaani mama, kama wanavyomwita wote. Alikuja kwangu jioni na kibakuli cha karanga, akakaa, akakawia sana kuanza. Kisha akasema, "Mwanangu, ile methali ni ya kumsifu mama. Anasemewa na mtu mwingine, aliyemwona amelala njaa ili watoto wale. Wewe umeichukua ukatuchapa nayo. Tena mwaka huu, ambao kila mwanamke aliyekaa pale ndani amelala njaa."

Kitini kilikuwa na maneno yote ya methali ile, na maana yake, na aya. Hakikuwa na kuku. Hakikusema nani humwambia nani, wakati gani, kwa sauti gani. Nililia siku ile, na nilistahili kulia.

Ndipo nikamwomba Mayu anipeleke Bujora. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika, ingawa amezaliwa Magu, si mbali. Tulikwenda mwezi wa saba baada ya mavuno, wawili tu, kwa nauli yangu. Nawaambia kwa moyo wote: kama una nauli ya mtu mmoja, subiri mpaka upate ya watu wawili.

Pale pana ramani kubwa ya tawala za zamani za Wasukuma. Mara ya kwanza niliipita kwa sekunde kumi. Mayu aliisimamia kama robo saa, akamuuliza mtembezaji wetu ukoo wa mtemi fulani uliishia wapi, wakapishana kidogo, wakakubaliana. Mimi nikajifunza kwamba "Wasukuma" ninaowahubiria kama kundi moja walikuwa nchi nyingi, kila moja na mtemi wake na ngoma zake, na kwamba familia mbili zinazokaa benchi moja kanisani kwangu bado zinakumbuka babu zao walitoka nchi tofauti.

Kisha kuna kitu cha mviringo kilichosimama wima, kimeandikwa namna mbalimbali za kuhesabu moja mpaka kumi. Hapa nataka mkae. Zamani makundi ya rika yalikuwa na maneno yao ya kuhesabia, kila rika na yake, ili wa rika lingine asielewe. Mimi nilijua imo, ibili, idatu za sokoni nikadhani basi. Mtembezaji alisoma safu moja baada ya nyingine, na kwenye safu mojawapo Mayu akaanza kusema naye, polepole, kisha akaongoza yeye. Alikuwa amemsikia babu yake akihesabu ng'ombe hivyo na wazee wenzake zizini, yeye akiwa msichana mdogo anayekinga maziwa, na hakuwahi kuambiwa ni nini. Alishika mdomo. Miaka zaidi ya sitini alikuwa anabeba namba ambazo hakujua kuwa ni namba.

Nilimtazama nikawaza juu ya mahubiri yangu yote. Mtu anaweza kuongea lugha moja na wewe na bado akawa na hesabu nyingine anayoihesabu na rika lake, usiyoisikia. Mwanamke aliyefiwa anahesabu kwa namna yake. Vijana wanaokwenda machimbo ya dhahabu wana yao. Ukikaa nao miaka mingi watakufungulia safu moja, labda mbili.

Nyumba ya mhunzi ni nzuri, vifaa vya kufulia chuma vimo, lakini sikukaa sana.

Nyumba ya mganga, mfumu kwa Kisukuma, ndiyo iliyowafanya wenzangu waimbe pambio nje. Safari hii niliingia kwa sababu Mayu aliingia, na Mayu ni Mkristo kabla mimi sijazaliwa. Alivitazama vyombo kimoja kimoja. Hakuna alichokiogopa, na hakuna alichokitamani. Akaniambia kwa sauti ya chini kitu ambacho nimekiandika kwenye jalada la ndani la Biblia yangu: "Mchungaji akiniuliza kama niliwahi kwenda kwa mfumu, nitasema hapana. Akiniuliza mwanangu wa tatu aliumwa nini, nitamweleza yote." Basi nikamuuliza mwanawe wa tatu aliumwa nini. Tulikaa nje ya nyumba ile kwenye kivuli karibu saa nzima. Aliyonieleza ni yake, siyaandiki hapa. Nitasema tu kwamba yalikuwamo masamva, yaani roho za wahenga, ilikuwamo mbuzi, ilikuwamo zahanati isiyokuwa na dawa, na yalikuwamo maombi ya usiku kwa jina la Yesu, yote katika wiki moja, na katika miaka saba nimekuwa nikimhubiria mama huyu bila kujua kwamba wiki ile iliwahi kuwepo.

Kuna banda la vikundi vya ngoma, Bagika na Bagalu. Hivi ni vyama viwili vikubwa vya wachezaji, vina waasisi wao wa karne ya 19, Ngika na Gumha, na ushindani wao haujaisha mpaka leo. Katika mashindano pande zote mbili zinacheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Dawa za kuvuta watu ni sehemu ya historia hiyo, hilo msilifiche wala msilipake rangi. Wapo wachezaji wa nyoka, ipo bugobogobo ya wakulima na majembe yao. Padre Clement na wenzake hawakuyakimbia haya. Mashindano yaliunganishwa na sikukuu ya Ekaristi Takatifu, yakaitwa Bulabo, na kila mwaka mwezi wa sita ngoma zinakutana Kisesa. Mimi Mluteri nina maswali yangu kuhusu hilo, na nilimuuliza Mayu kama wale wachezaji wanakuja kwa Yesu au kwa ngoma. Akajibu kwamba hata kanisani kwetu hajui nani kaja kwa nini. Sikuwa na la kuongeza.

Kanisa lenyewe ni la duara, na viti vyake ni vigoda vya Kisukuma. Mayu alikaa kimoja, akakipapasa kwa viganja, akasema kigoda kama hicho nyumbani kwao alikuwa anakalia baba peke yake. "Hapa nimekalia mimi," akasema. Kwa dakika kadhaa hakutaka kuinuka, nami sikumharakisha.

Banda la ngoma za kitemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi cha mtemi, na ngoma zilizomo zinapigwa bado kwenye sikukuu za kanisa na wageni wa serikali wanapofika. Hapo ndipo tulipopumzika tukala mihogo yetu, na hapo ndipo Mayu, bila kuombwa na mtu, akaanza kunihadithia Masala Kulangwa.

Hadithi hii mnaweza kuwa mmeisikia. Wakatoliki wa kanda hii wameifanyia kazi kubwa. Kule Ndoleleji, upande wa Shinyanga, Padre Donald Sybertz, Mmarekani wa shirika la Maryknoll, alikaa miaka mingi na kamati ya wazee na makatekista wakikusanya methali, vitendawili na hadithi, na hii ni mojawapo ya zile walizozitumia kumfundisha Kristo Mkombozi. Kwenye semina yetu pia ilikuwamo, mistari sita: zimwi limemeza watu wote, kijana shujaa akaliua, watu wakatoka wazima, mfano wa Yesu. Tukaandika, tukageuza ukurasa.

Mayu haihadithii kwa mistari sita. Zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote wa dunia na mifugo yao yote. Mwanamke mmoja tu mwenye mimba alisalia, alijificha ndani ya rundo la makapi. Akazaa mtoto wa kiume, akamwita Masala Kulangwa, maana yake mwenye akili anayeelewa upesi. Mtoto akakua akauliza, mama, mbona tuko wawili tu, wengine wako wapi? Mama akamwambia. Mtoto akaondoka kulitafuta zimwi. Siku ya kwanza akaua panzi, akarudi anaimba kwamba amemuua Shing'weng'we huko milimani, mama na afurahi. Mama akamwambia, mwanangu, huyu ni panzi, tumchome tule. Siku nyingine akaja na ndege, anaimba vilevile. Huyu ni ndege, tumchome tule. Akaja na swala mdogo. Hapa Mayu alikuwa anaimba wimbo wa mtoto kwa Kisukuma, mtembezaji akimwitikia, na watoto wawili waliokuwa wanapita wakaja wakakaa wakaitikia pia. Wanaujua!

Mwisho kijana akalipata zimwi lenyewe, akalishinda, akalipasua mgongo. Akatoka baba yake, wakatoka ndugu, wakatoka watu wote.

Hapa nilidhani imeisha, nikafunga mkebe wa mihogo. Mayu akaniwekea mkono gotini. "Subiri. Alipopasua mgongo, kisu kilimkata sikio bibi mmoja aliyekuwa ndani."

Kwenye kitini chetu bibi huyu hakuwapo.

Bibi akakasirika, akamtukana kijana. Akataka kumroga. Lakini kijana alikuwa na rafiki wengi wanaomlinda, bibi hakupata njia. Kisha Masala Kulangwa akaenda kutafuta dawa, akamponya yule bibi. Ndipo watu wote wakamnyanyua wakamweka kwenye kiti, akawa mtemi wa dunia nzima, na mama yake akawa mama wa mtemi.

Mayu alinyamaza kidogo. Halafu akasema, "Ndipo. Umesikia? Hakuwekwa kwenye kiti alipoua zimwi. Aliwekwa baada ya bibi kupona."

Tulikuwa tumekaa ndani ya banda lenye umbo la kiti hichohicho.

Nyinyi mnaofanya kazi huku mnajua kwa nini nilishindwa kusema. Usukumani, kwa miaka mingi, vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa kuitwa wachawi, na macho yao mekundu ndiyo yametolewa kama ushahidi, macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe walivyopikia maisha yao yote. Tumehubiri dhidi ya hilo kwa sheria na kwa amri ya usiue. Tumeleta mabango. Na muda wote huo ndani ya hadithi ambayo kila mtoto anaweza kuitikia wimbo wake, yumo bibi aliyeumizwa, mwenye hasira, aliyekusudia kuroga kweli, na shujaa wa Wasukuma, mwenye akili anayeelewa upesi, hakumuua. Alikuwa na ulinzi wa kutosha, angeweza. Akaenda kumtafutia dawa, kwa sababu sikio lile alilikata yeye.

Hadithi hiyo ilikuwa ya wahenga wao kabla ya mmisionari wa kwanza kufika ziwani. Sisi tuliiletewa kwenye karatasi ikiwa imekatwa mahali pale hasa.

Nilimwambia Mayu juu ya Petro kule bustanini, alivyomkata sikio mtumwa wa kuhani mkuu, na Luka anavyoandika kwamba Yesu aligusa sikio akamponya. Anaijua, amesoma Biblia kuliko wengi. Aliwaza, akasema kwamba wa kwenye Biblia alikatwa na mwanafunzi na Bwana akaponya, na wa kwao alikatwa na mkombozi mwenyewe, hivyo hazilingani, nisije nikazisema kama ni kitu kimoja. Baadaye kidogo akaongeza, "Lakini wanafunzi ndio ninyi." Aliposema hivyo niliwakumbuka wale akina mama wa Jumapili ya mavuno, na wote niliowakata kwa kisu cha kuwaokoa.

Nimepita kando kidogo, mnisamehe, lakini lazima niseme na hili. Nyumbani Usambara bibi yangu alikuwa anatuhadithia Mbegha, mwindaji aliyetoka Ungulu akaua simba, Wasambaa wakamfanya mfalme wao. Mbegha alikuwa kigego, meno ya juu yalimtoka kwanza, na zamani mtoto wa namna hiyo alihesabiwa mkosi wa kuuawa. Mama yake alimficha. Tulipoanza mafundisho ya kipaimara tuliambiwa hadithi hizo ni za giza, na mimi nikaacha kumwomba bibi atuhadithie. Alikufa nikiwa chuoni. Sasa ninaposoma habari ya jiwe walilolikataa waashi namwona Mbegha, na sina wa kumuuliza sehemu ambazo huenda na mimi nilikatiwa. Na si lazima mafundisho yawe hivyo. Kule Old Moshi, Bruno Gutmann, Mluteri mwenzetu wa Kijerumani aliyefika Uchagani mwaka 1902, aliketi na wazee akajifunza mafundisho yao ya ujana, na vijana wake wa kipaimara akawaunganisha kwa mfano wa undugu wa ngao wa Kichaga, yaani vijana wachache wa rika moja waliofungamana kama ndugu. Hata Paulo, kabla ya kusimama Areopago, alikuwa ameizunguka Athene akiangalia madhabahu zao, na alipohubiri alinukuu maneno ya watunzi wao. Alikaa kwanza.

Turudi Bujora. Mkienda na kundi, gaweni kundi. Watu watano au sita kwa mara moja ni wengi tosha, na kila watano wawe na mzee mmoja ambaye hakuja kufundishwa. Kalamu na daftari vizuri, ila mzee akianza kuhadithia weka chini. Mimi nilirekodi kwa simu kwa ruhusa ya Mayu, na tulipofika nyumbani nikamsikilizisha, akanisahihisha mahali pawili alipokuwa amesahau mstari wa wimbo. Msitafute aya siku hiyohiyo. Nilikaa wiki tatu kabla ya kulihubiri sikio, na hata hivyo sikulihubiri mimi: nilisoma Luka 22, nikakaa, Mayu akasimama akahadithia kwa Kisukuma tangu panzi mpaka kiti. Kanisa zima liliitikia wimbo. Alipofika kwenye sikio, baba mmoja ambaye huwa anasinzia aliinua kichwa. Hakuna aliyetoa neno mwishoni, na mimi sikuongeza neno.

Kijijini kwetu yupo bibi anayekaa peke yake karibu na mto, macho yake mekundu. Watoto wanakatisha kwa mbali wakienda kuchota maji. Nimekuwa nikimpelekea unga na sabuni, naweka mlangoni, tunasalimiana, naondoka. Baada ya Jumapili ile Mayu alinishika mkono tukaenda kwake, tukaingia ndani, tukakaa chini. Mayu akamuuliza kwao ni wapi na ngoma yao ilikuwa ipi. Akasema Bagalu. Mayu ni wa Bagika. Walianza kubishana ni nani aliyekuwa anavuta watu zaidi, sauti zikapanda, kisha yule bibi akacheka, na mimi nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka.

Bulabo ni mwezi wa sita. Nimeshaweka akiba ya nauli za watu watatu, na nimeshaambiwa nitakaa upande gani wa uwanja, ingawa hao wawili bado hawajakubaliana.